Presha ya Oili Ikipanda, Tusishangilie

Mhadhara kwa mafundi, madereva na wenye mashine za dizeli, Haneti, wilaya ya Chamwino



Kwanza naomba asiizime mtu ile Canter iliyoko nje. Imeingia asubuhi hii kutoka Itiso na magunia ya alizeti, oili yake imeshika moto, na nataka ibaki hivyo mpaka nimalize. Mwenye gari ananikodolea macho kwa sababu ya dizeli inayoteketea. Tumeshaelewana, nitamrudishia lita zake.

Nimeombwa niseme juu ya sensa ya oili. Siyo ile ya watu na makazi. Ile tulihesabiwa Agosti 2022, ikaisha. Nasema kile kidude cha ukubwa wa kidole gumba kilichofungwa ubavuni mwa injini, chenye waya wake, ambacho wengi wetu hatukikumbuki mpaka taa nyekundu yenye picha ya birika iwake kwenye dashibodi.

Na nianze na neno lenyewe. Mtu akitoka zahanati akaniambia presha yake imepanda, nampa pole. Dereva akiniambia presha ya oili imepanda, yeye anacheka, anasubiri nimpongeze. Neno ni moja. Mimi nitadai leo kwamba hata ugonjwa unaweza kuwa mmoja, na kwamba injini nyingi za ukanda huu zinakufa mikononi mwa watu waliokuwa wakiitazama sindano na kuridhika nayo.

Pampu ya oili haitengenezi presha. Najua kauli hiyo inawaudhi mafundi, nami iliniudhi nilipoisikia mara ya kwanza. Pampu inasukuma oili, basi. Presha huzaliwa pale oili inapobanwa njiani. Mnaijua DP, kile kituo cha kuchotea maji: mashine inavuta kisimani, akina mama wakiwa wawili bombani, ndoo inajaa upesi. Zikifunguliwa koki zote kwa pamoja, ile ya mwisho inadondosha kama mlenda. Pampu ni ile ile na mzunguko ni ule ule. Ndani ya injini, metali za krenki ndizo bomba za DP, tofauti ni kwamba hazina koki. Ziko wazi muda wote. Kinachozibana ni ule mwanya kati ya metali na shafti, na katika injini ya lori mwanya huo ni kama milimita 0.05 hadi 0.1. Ni unywele.

Sasa sikilizeni hesabu, kwa sababu ndiyo inayowashangaza wengi. Metali ikilika, mwanya ukawa mara mbili ya ulivyokuwa, oili inayovuja haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nane. Uvujaji unafuata mwanya uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu: mbili kwa mbili kwa mbili. Ndiyo maana gari linatembea miaka saba na sindano imetulia pale pale, halafu ndani ya msimu mmoja wa mavuno sindano inaporomoka na mwenye gari anaapa kwamba amerogwa.

Ongezeni na joto. Oili ya 15W-40 iliyo kwenye nyuzi 100 ni nyepesi kama mara saba kuliko ikiwa kwenye nyuzi 40. Asubuhi ya Julai hapa, baridi ya uwanda huu inapouma, oili imelala kwenye sampo kama asali. Ukiwasha injini, sindano inaruka juu kabisa na kila mtu anafurahi. Saa sita mchana, mlimani, na magunia juu, oili ile ile inapita kama maji. Kwa hiyo kipimo cha asubuhi hakikuambii lolote kuhusu metali. Kipimo ni cha oili ya moto. Ile Canter isizimwe.

Kuna Mwingereza mmoja, mhandisi Beauchamp Tower, ambaye kila fundi angepaswa kumjua. Chama cha wahandisi wa mitambo cha kwao kilimpa kazi ya kuchunguza namna metali za ekseli za reli zinavyopaswa kulainishwa, na mwaka 1883 akatoa taarifa yake. Alikuwa na shafti inayozunguka, juu yake metali iliyokandamizwa kwa mzigo, chini beseni la oili. Akatoboa tundu juu ya metali ili aweke kikombe cha kudondoshea oili. Akawasha mtambo, oili ikapanda yenyewe kupitia lile tundu na kumwagika. Akaziba kwa kizibo, kikasukumwa nje. Akagongomea kizibo cha mti. Nacho kikatoka taratibu, kikasukumwa na kitu kisichoonekana. Alipofunga geji kwenye tundu lile ikasoma zaidi ya paundi 200 kwa inchi ya mraba, wakati wastani wa mzigo juu ya metali ulikuwa kama paundi 100. Hapakuwa na pampu yoyote mle ndani. Shafti yenyewe, kwa kuzunguka, ilikuwa inaivuta oili na kuisokomeza chini ya metali kama kabari, mpaka chuma kikaacha kugusa chuma. Miaka mitatu baadaye, 1886, Osborne Reynolds akaliandikia jambo hilo hesabu zake, na hesabu hizo ndizo zinazotumika kusanifu injini mpaka leo.

Kwa nini nawapeleka mbali hivyo? Kwa sababu kizibo kile cha mti kinatufundisha kwamba injini ina presha mbili. Ya kwanza ni ile ya pampu, bar 3 au 4 gari likitembea (bar moja ni kama paundi 14 na nusu). Ya pili ni ile inayozaliwa ndani ya metali, ambayo pistoni inapopigwa na moto hufika bar mia kadhaa. Hiyo ya pili ndiyo inayobeba mzigo, na hakuna sensa inayoipima kwenye gari lako. Sensa yako inapima ya kwanza tu. Ni kama mtu aliyesimama mlangoni anahesabu madumu ya maji yanayoingia nyumbani. Hajui kama waliomo ndani wamekunywa.

Swichi ya kawaida, ile ya waya mmoja, haipimi hata hicho. Ndani yake mna utando mwembamba na springi. Presha ikiwa juu ya kiasi fulani, utando unasukumwa, umeme unakatika, taa inazima. Katika magari mengi ya Kijapani kiasi hicho ni bar 0.3 hadi 0.5. Injini nzima iliyo ya moto, bila kukanyagwa mafuta, inatakiwa iwe na karibu bar 1. Tazameni pengo lililopo hapo. Presha inaweza kushuka kutoka 1 hadi 0.6, miezi inapita, metali zinalika, taa imezima kimya, nawe unaendelea kwenda gulioni.

Hili nimejifunza kwa aibu. Nilikuwa kijana wa gereji, mwaka wangu wa tatu kushika spana, akaja mtu na Fuso. Taa ya birika ilikuwa inapepesa injini ikipata moto, hasa akisimama. Nikabadilisha swichi. Ikapepesa. Nikabadilisha ya pili, nikamwambia swichi za siku hizi feki. Mara ya tatu nikachomoa waya, nikaukunja, nikauzungushia utepe mweusi, taa ikatulia, akanilipa, tukaagana vizuri. Siku ya nne ikaja simu: gari limekufa upande wa Chenene. Nilikwenda kwa pikipiki. Konrodi ilikuwa imetoboa bloku, tundu la ukubwa wa ngumi, oili imetandaa kwenye changarawe, na metali ya konrodi namba tatu nikaiokota imesagika, nyembamba kama karatasi. Waya wangu ulikuwa bado umefungwa, nadhifu kabisa.

Swichi zote tatu zilikuwa nzima. Zilikuwa zinasema kweli, na mimi nikabadilisha shahidi mpaka nikapata asiyesema.

Kuna vidude vya aina nyingine. Geji ya mshale yenye bomba jembamba lililopinda ni kazi ya Mfaransa Eugène Bourdon, 1849, na mpaka leo sijaona kipimo cha gereji kinachoaminika kuliko hicho. Kuna sensa za kupeleka sindano kwenye dashibodi, ambazo hubadilisha ukinzani wa umeme presha inapobadilika. Hapa kuna mtego, kwa sababu za Ulaya nyingi huenda kati ya omu 10 na 180, za Kimarekani kati ya 240 na 33, tena kwa mwelekeo wa kinyume. Ukifunga ya huku kwenye geji ya kule, sindano itakudanganya kila siku na hakuna kilichoharibika. Halafu kuna za kisasa za waya tatu, ambamo kipande cha silikoni kinahisi mkandamizo na kupeleka volti kwenye kompyuta. Hizo nitazirudia.

Turudi kwa dereva anayecheka. Taa imeanza kupepesa, fundi anamwambia oili hii nyepesi, weka nzito. Wapo wanaochanganya na oili ya gia namba 90. Sindano inapanda! Taa inazima! Lakini presha imepanda kwa nini? Kwa sababu oili imekuwa ngumu kupita. Ndiyo presha ile ya zahanati: mishipa imebana, moyo unasukuma kwa shida, kipimo kinasoma juu, na hakuna daktari atakayekuambia kwamba una nguvu.

Fuateni oili hiyo nzito mwendo wake asubuhi. Inachelewa kufika juu kwenye roka, chuma kinasuguana kikavu. Pampu inasukuma, presha inazidi, valvu ya kupunguzia inafunguka na kurudisha oili kwenye sampo kabla haijafika kokote. Na filta nayo ina mlango wake wa pembeni, uliowekwa ili injini isikose oili filta ikiziba. Oili nzito ya baridi inaufungua mlango huo, ikapita bila kuchujwa. Hapo ndipo Haneti inapoingia kwenye hadithi.

Ninyi ni watu wa jiwe la kijani. Krisoprasi ya Haneti inajulikana na wauza vito duniani. Ni nikeli inayoipa rangi ile. Ukiondoa nikeli, jiwe lenyewe ni silika. Na vumbi lililoko barabarani hapo nje, linalopanda Agosti mpaka mbuzi wanapotea machoni, sehemu yake kubwa ni silika pia, punje za kwazi. Ugumu wake ni 7 kwa kipimo cha Mohs, wakati chuma laini hakifiki 5, na metali za krenki ni laini zaidi, zimetengenezwa hivyo makusudi. Yaani ndugu wa jiwe mnalolichimba ndiye anayewachimba ninyi. Anaingia kupitia kichujio cha hewa kilichotoboka, anaungana na oili, anapita kwenye mlango wa pembeni wa filta kwa sababu tumeweka oili nzito, anakula metali, mwanya unapanuka, presha inashuka, nasi tunaweka oili nzito zaidi.

Haya si mapya katika mkoa huu. Pale Kongwa, mwaka 1947, Waingereza walileta matrekta ya kufyeka pori walime karanga, mengi yakiwa masalio ya vita yaliyonunuliwa mitumba. Walikuja na mamilioni yao, mafundi wao, na geji zilizoandikwa kwa Kiingereza mbele ya madereva waliofunzwa kwa haraka. Udongo wa kwazi ukayasaga majembe na matrekta, mashine zikalala kwenye gereji kwa makumi, na Januari 1951 serikali ya London ikaukatia tamaa mpango huo baada ya paundi milioni 36 kuzama. Sababu zilikuwa nyingi: mvua, udongo unaokauka kama saruji, haraka ya wanasiasa. Sisemi oili ndiyo iliyouangusha. Nasema uwanda huu umewahi kuzishinda injini za watu wenye fedha kuliko sisi.

Nguvu je? Maana hilo ndilo swali mliloniletea: presha ikishuka, gari linapoteza nguvu? Kwa injini nyingi mlizo nazo, hapana, si moja kwa moja. Dizeli inapata nguvu kutokana na hewa na mafuta. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia moja kwa kila mita 100 za kupanda kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hapa kwetu, juu ya mita 1,100, sehemu moja ya kumi imeshapotea kabla hujakanyaga. Msiilaumu oili kwa hilo. Oili inagusa nguvu kwa njia za chini chini. Ikiwa nzito mno, inakula dizeli yako kwa msuguano. Kwenye injini za tabo kuna vijibomba vinavyorusha oili chini ya pistoni ili kuipoza, na vingi havifunguki mpaka presha ipite kama bar 1.5 au 2. Presha ikiwa pungufu pistoni inakosa maji yake ya kuoga, inavimba, inabana. Shafti ya tabo nayo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika juu ya utando huo huo wa oili. Na malori mapya, kompyuta ikiona presha haitoshi, inapunguza nguvu yenyewe, halafu inazima. Dereva anasema gari limekuwa vivu. Limekataa kujiua tu.

Lakini iko familia moja ya injini ambamo presha ya oili na nguvu ni kitu kimoja. Caterpillar na Navistar, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walitengeneza mfumo wa nozeli zinazosukumwa na oili ya injini. Pampu ya pili inaipandisha oili kutoka kiasi cha bar 35 wakati wa kuwasha hadi bar 200 na ushee gari likiwa na mzigo. Ndani ya nozeli, pistoni pana inasukumwa na oili, nayo inasukuma pistoni nyembamba iliyo upande wa dizeli, presha inazidishwa kama mara saba. Mtaikuta kwenye Caterpillar 3126, C7 na C9, injini za mashine za kutengenezea barabara. Na mtaikuta kwenye Isuzu Bighorn za injini ya 4JX1, zile zilizoingia nchini kama mitumba na kuwaliza watu.

Humo sensa ya waya tatu ndiyo bosi. Kompyuta inaisikiliza na kufungua au kufunga valvu kulingana na inachoambiwa. Sensa ikisema presha iko juu wakati iko chini, kompyuta inapunguza, gari linakosa nguvu mlimani. Ikisema hivi sasa na vile baadaye, injini inapanda na kushuka yenyewe kama mtu mwenye homa ya vipindi. Mipira ya nozeli ikichakaa, oili inavuja ndani, bar 35 hazifikiwi, na gari linalowaka vizuri likiwa baridi linagoma likiwa la moto. Nimeona watu wakibadilisha pampu ya dizeli, betri, stata, mpaka mke akauliza kama kuna mwanamke mwingine, kumbe tatizo ni oili iliyochakaa. Kwenye injini hizo, oili ni sehemu ya mafuta ya kuendeshea. Chelewesheni kuibadilisha muone.

Kwa upande mwingine kabisa kuna mashine zenu za kusaga. Lister ya zamani ya silinda moja, iliyokuwa ikiundwa Dursley, Uingereza, tangu enzi za 1930 na kuigwa Rajkot kule India, inazunguka mara 650 tu kwa dakika na kuchota oili kwa kijiko kilichofungwa chini ya konrodi. Haina presha ya kupimwa. Ukiisikia inabadilisha sauti, hiyo ndiyo geji. Lakini injini za Kichina za silinda moja, zile za kwenye pawatila zilizosambazwa wakati wa Kilimo Kwanza, zina kitu ambacho wengi hamjakitazama: juu kwenye kifuniko cha roka kuna kikombe kidogo chenye kijiti chekundu ndani. Injini ikiwaka, oili inakisukuma, kinasimama. Kisiposimama, zima. Nimeingia mashine moja ya uwele nikakuta kijiti hicho kimefunikwa na unga na oili, kimeganda kama kidonda. Nikakifuta kwa kidole. Kilikuwa kimelala, na injini inaunguruma.

Kabla hatujatoka nje, mambo mawili ya mkono. Oili kwenye kijiti cha kupimia ikiongezeka badala ya kupungua, msifurahi. Huenda ni dizeli imeingia, inusu. Na dondosha tone moja kwenye karatasi ya daftari, iache usiku kucha. Kati pakiwa na doa jeusi lenye ukingo mkali lisilotambaa, oili imechoka. Ukingo mpana wa rangi ya chai wenye maji maji ni dizeli.

Sasa twende. Fundi, toa swichi ya Canter, nyuzi zake ni za moja ya nane ya inchi, na geji hii nimeikatia nyuzi hizo hizo. Zima kwanza, chomoa, funga geji, washa tena haraka kabla haijapoa. Mwenye gari asome mwenyewe, kwanza bila kukanyaga, halafu kwenye mizunguko 2,000. Namba zote mbili tutaziandika kwa rangi ndani ya boneti, na tarehe ya leo, ili mwakani kama siku hii tuzisome tena.